Kuoga mchanga wa moto Japani: mipaka ya uchi, maji na tayammamu



Katika barua zilizotufikia imo moja ya kijana wetu wa mwambao aliyeko masomoni kusini ya Japani. Anaeleza kwamba mwalimu wake aliwachukua wanafunzi wote wa darasa lake kwenda Ibusuki, mji wa ufukweni wenye sifa ya mchanga unaotokota kwa chemchemi za chini ya ardhi. Walipewa nguo nyepesi, wakalazwa, wakafukiwa mchanga mpaka shingoni. Mpaka hapo anasema hakuona ubaya, na mwili wake ulipata raha ambayo hajapata kuionja. Lakini walipofukuliwa, wenziwe wote waliingia chumba cha kujiosha na hodhi la maji moto, na humo hakuna aliyekuwa na nguo. Akasimama mlangoni. Mmoja wao akamuuliza, kwa mzaha au kwa kweli, kama amechanjwa tojo mwilini au ana maradhi ya ngozi anayoyaficha. Akaona haya, akavua, akaingia.

Baadaye, wakati wa Alasiri ukikaribia kutoka, alirudi ufukweni akatayamamu kwa mchanga uleule akaswali. Sasa ameitwa tena kwa safari kama ile, na anauliza mambo matatu: kama mchanga ule ni halali, kama maji yale yanafaa kwa kuoga janaba, na kama swala yake ilisihi. La nne hakulitaja kama swali, ila limejaa katika barua yote: afanye nini safari hii atakapofika mlangoni.

Tumeona tusimjibu kwa mistari miwili. Vijana wetu wanaokwenda nchi zile ni wengi, na mwenye kusema "yote haramu" na mwenye kusema "hakuna tatizo" wote wawili watakuwa wamechanganya mambo ambayo mafaqihi waliyatenganisha tangu zamani.

MAHALI PENYEWE

Hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kilivyo, kwa hiyo tuanze hapo. Japani ni nchi ya milima ya moto, na ina zaidi ya chemchemi 20,000 za maji moto, ambazo wenyewe huziita onsen. Sheria yao ya mwaka 1948 inahesabu kuwa ni onsen maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 25 za Selisiasi au zaidi, au yenye kiasi maalumu cha madini hata kama si ya moto. Ibusuki iko ncha ya kusini ya kisiwa cha Kyushu, katika mkoa wa Kagoshima, karibu na mlima Kaimon wenye urefu wa mita 924. Katika ufukwe wa Surigahama maji ya moto hupita chini ya mchanga yakielekea baharini, na mchanga wa juu hupata joto la nyuzi 50 hadi 55. Watu wa huko wamekuwa wakijifukia humo kwa muda wa kama miaka 300, wakitafuta nafuu ya maumivu ya mgongo, viungo na baridi yabisi.

Utaratibu ni huu. Mgeni huvua nguo zake katika chumba cha kubadilishia, wanaume mbali na wanawake mbali, kisha huvaa yukata, ambayo ni kanzu ya pamba iliyo wazi mbele na kufungwa kwa mshipi. Kwa desturi yao hakivaliwi kitu ndani yake. Hutoka hadi ufukweni, penye paa la kukinga jua na mvua, akalala chali na taulo limezungushwa kichwani, na wafanyakazi wenye mabeleshi humfukia. Pale juu ya mchanga wanaume na wanawake hulala katika safu moja. Hukaa kama dakika kumi. Mchanga ni mzito, joto hupenya, jasho hutiririka, na mtu husikia mapigo ya moyo wake hadi vidoleni. Kisha huinuka mwenyewe, akaenda kuvua ile yukata iliyojaa mchanga, akajiosha na kuingia hodhini.

Mji wa Beppu, kaskazini-mashariki ya kisiwa hichohicho, nao una bafu za mchanga. Jengo la Takegawara lilifunguliwa mwaka 1879, na lililopo sasa lilijengwa mwaka 1938. Humo mchanga uko ndani ya jumba na hulowanishwa kwa maji ya chemchemi. Beppu pia kuna madimbwi ya maji yatokotayo ambayo wenyeji wameyaita "jahanamu": moja lina rangi ya bahari na joto la karibu nyuzi 98, jingine ni jekundu kama damu kwa sababu ya chuma kilichomo. Hayo ni ya kutazamwa tu, si ya kuogwa. Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), katika adabu za kuingia hamamu alizozitaja ndani ya Ihya, anamtaka mwenye kuingia aukumbuke moto wa Akhera anapohisi joto. Hatudhani kama aliwahi kusikia habari za mahali ambapo wenyewe wamelitundika jina hilo mlangoni.

MAJI YA CHEMCHEMI

Tuanze na lililo jepesi. Maji yanayotoka ardhini ni maji mutlaki, tohara yenyewe na yenye kutoharisha. Kuwa kwake na harufu ya kiberiti, au chumvi, au wekundu wa chuma hakuyaondoi katika hukumu hiyo, kwa kuwa mafaqihi wetu wa Kishafii wamesema wazi kwamba maji yaliyobadilika kwa kitu kilichomo katika makao yake au mapito yake hayadhuriki. Asili ya jambo hili ni maji ya bahari: Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwayo alijibu kuwa maji yake ni yenye kutoharisha, na chumvi yake ni kali kuliko ya chemchemi nyingi.

Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka mas-ala ya maji ya mushammas, yale yaliyopashwa na jua, ambayo ni makuruhu katika madhehebu kwa kuhofia mbalanga. Lakini makuruhu hayo yana sharti zake: yapashwe na jua, ndani ya chombo cha madini yenye kufuliwa kisichokuwa cha dhahabu au fedha, katika nchi ya joto, na yatumike mwilini. Maji ya Ibusuki hupashwa na ardhi, si jua, wala hayamo katika chombo, basi hayaingii humo. Na Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) mwenyewe aliona kwa upande wa dalili kwamba hata hayo ya jua hayana makuruhu. Kilicho makuruhu ni maji yenye moto wa kupita kiasi, kwa sababu mtu huyaharakia na asitimize viungo vyake. Yakiunguza, inakuwa haramu kwa sababu ya madhara.

Je, kuoga humo wasiokuwa Waislamu kunayaharibu? La. Mwili wa mwanadamu ni tohara, na unajisi uliotajwa kwa washirikina katika Suratut-Tawba jumhuri wameufasiri kuwa ni wa itikadi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) na maswahaba zake wakiwa safarini walitumia maji ya viriba vya mwanamke mshirikina. Mahodhi yale, zaidi ya hayo, yanapita kulateni mbili mara nyingi sana, na katika onsen nyingi maji hutiririka usiku na mchana. Na watu wale, kwa kusema haki, hawaingii hodhini mpaka wawe wamejisugua kwa sabuni na kujimiminia maji kutoka kichwa hadi nyayo. Tunawajua wenzetu wanaoingia birika la msikiti na vumbi la barabarani.

Kwa hiyo mwenye janaba akinuia na maji yale yakauenea mwili wake wote, kuoga kwake kumesihi. Bora ajimiminie kwa bomba pembeni kuliko kuzama hodhini, kwa kuwa imekuja katika Sahihi Muslim katazo la mwenye janaba kuoga ndani ya maji yaliyosimama. Ila ikiwa ni bafu ambamo hutiwa dawa au majani ya kunukia mpaka maji yakapoteza jina lake la maji, hayo yatakuwa tohara lakini hayaondoi hadathi.

MCHANGA KAMA SITARA

Hapa pana jambo ambalo tulilipenda. Mafaqihi wa Kishafii walipozungumzia sitara ya swala waliuliza: asiyepata nguo kabisa afanye nini? Wakasema kitu chenye kuzuia rangi ya ngozi kuonekana kinatosha, hata ukiwa ni udongo wa kujipaka au maji yaliyotibuka. Kauli sahihi ya madhehebu, aliyoitaja Nawawi katika Minhaj, ni kuwa asiye na nguo humlazimu kujipaka udongo. Basi ikiwa tope tu ni sitara, mtu aliyefukiwa mchanga mzito hadi shingoni, tena akiwa ndani ya nguo, amejisitiri sitara ambayo wachache wetu huwa nayo wakienda sokoni. Dakika zile kumi si mahali pa shaka.

Shaka iko kabla na baada. Yukata iko wazi mbele na hufungwa kwa mshipi mmoja. Mtu akikaa au akiinuka kutoka shimoni, paja huonekana, na pengine zaidi ya paja. Tena inapolowa jasho hugandamana na mwili. Kwa mwanamume, uchi wake ni baina ya kitovu na magoti kwa kauli ya jumhuri. Ipo riwaya kutoka kwa Malik na kwa Ahmad kuwa uchi ni tupu mbili tu, lakini hatuoni sababu ya kuikimbilia hali dawa ni nyepesi: avae kaptura ndefu ndani ya yukata. Mchanga hupita vilevile na joto hufika vilevile. Nguo inayoonyesha umbo bila ya kuonyesha rangi ya ngozi haimharamikii mwanamume, ingawa si bora. Na kubadili nguo mbele ya watu bila ya kuonekana si elimu ngeni kwetu, maana kila mvuvi wa mwambao hubadili kikoi kwa kikoi ufukweni na hakuna amuonaye.

Wafanyakazi wenye mabeleshi hawaligusi umbile la mtu. Pakiwa na mwanamume na mwanamke, na aombe mwanamume. Hata akifukiwa na mwanamke, hapana faragha baina yao pale penye watu safu nzima, ila ainamishe macho.

Kwa dada zetu jambo ni zito zaidi. Safu ni ya mchanganyiko, nguo hugandamana, shingo na miguu viko wazi, na taulo la kichwani hufunguka. Kwa hali hiyo hatumruhusu Muislamu wa kike kulala pale. Lakini zipo hoteli na nyumba za wageni zenye bafu za mchanga za kwao, na panapopatikana saa au chumba cha wanawake peke yao, na anayemfukia ni mwanamke, huku amevaa kinachositiri baina ya kitovu na magoti mbele ya wanawake wenzake wa Kiislamu na zaidi ya hapo mbele ya wasiokuwa Waislamu, hukumu hubadilika, hasa akiwa ana maradhi. Wanachuoni wetu waliokaza sana kuhusu wanawake na hamamu walibagua mgonjwa na mzazi.

Anayeugua moyo, mwenye shinikizo kubwa la damu na mwenye mimba wasiingie mpaka waulize daktari, na mtu asikae zaidi ya muda anaoelekezwa. Joto la nyuzi 50 na uzito ule si mchezo. Na mwenye kufunga, jasho halimfunguzi, lakini hatumshauri ajitie kiu ya makusudi mchana wa Ramadhani.

MLANGO WA HODHI

Sasa tufike pale kijana wetu alipokwama. Waislamu si wageni wa bafu za umma. Maswahaba walizikuta Sham wakaziingia, na fiqhi yake imeandikwa kwa urefu: Nawawi amezungumzia hamamu katika Al-Majmu', na Ibn Kathir ana risala nzima kuhusu hukumu za kuingia humo. Hata huku kwetu, Hamamni ya mji mkongwe wa Unguja ilijengwa zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, wakaoga humo watu wa mji. Hivyo joto, mvuke na kukaa pamoja majini si tatizo.

Sharti ni shuka. Imepokewa na Tirmidhi na Nasai kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kuingia hamamu bila ya shuka ya kiunoni. Tirmidhi ameihesabu kuwa hasan. Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) inayosema wote walikatazwa kisha wanaume wakaruhusiwa kwa mashuka, yeye mwenyewe Tirmidhi amesema isnadi yake haikusimama vizuri, na wako wanachuoni wa Hadithi walioona kuwa hadithi nyingi za hamamu hazikosi kasoro. Lakini mlango huu hautegemei hizo. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.), mwanamume amekatazwa kuutazama uchi wa mwanamume mwenziwe na mwanamke uchi wa mwanamke mwenziwe, na Nawawi katika sherehe yake anasema hilo halina hitilafu. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Ya'la bin Umayya (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimuona mtu akioga uwanjani bila ya shuka, akapanda mimbari na kuwafundisha watu kuwa Allah ni Mwenye haya na Mwenye kusitiri, na kwamba anayeoga ajisitiri.

Basi ugumu wa Japani ni huu: sharti la Sheria ni shuka, na sharti la mwenye nyumba ni kuwa kitambaa kisiingie majini. Hawasemi hivyo kwa upotovu. Kwao kitambaa hubeba sabuni na uchafu ndani ya maji ya watu wote, na hata taulo dogo walilo nalo huliweka kichwani au ukingoni. Wala kuoga kwao uchi hakuna maana ya uchafu wa tabia kama wengine wanavyodhani. Wanaume na wanawake wana vyumba mbalimbali, na kuchanganyika bafuni kulipigwa marufuku katika mji wa Edo tangu mwaka 1791. Tunayasema haya ili mtu asiwadharau wenyeji wake. Hayabadilishi hukumu.

Ametuuliza ndugu mmoja tuliyemsomea barua hii: kwa nini asijipenyeze na kaptura yake? Hatuoni hivyo. Mwenye nyumba ameweka sharti kwa maslaha ya wageni wake, na Muislamu aliyelipa na kuingia amekubali masharti yale. Kuliepuka hodhi ni bora kuliko kuingia kwa kuiba. Ziko onsen zinazoruhusu nguo maalumu ya kuogea, na hapo mwanamume akisitiri kitovu hadi magoti limebaki jicho lake tu. Ghazali amenukuu kauli kuwa mwenye kuingia hamamu anahitaji mashuka mawili, moja la kusitiri uchi wake na jingine la kujifunika kichwani asione uchi wa wengine. Katika chumba ambamo wote wako uchi, hilo la pili ni gumu kulitimiza.

Faraja iko katika jambo ambalo wengi hawalijui: Kyushu na kwingineko hukodishwa bafu za faragha kwa saa, kwa ajili ya familia, na ziko nyumba za wageni zenye hodhi ndani ya chumba cha mtu. Mume na mkewe wakikodi bafu la namna hiyo hawana lawama yoyote, na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa yeye na Mtume (S.A.W.) walikuwa wakioga kutoka chombo kimoja. Mtu peke yake pia anaruhusiwa kuvua kwa haja ya kuoga, ingawa kujisitiri ni bora.

NABII MUSA NA JIWE

Dalili ya hilo la mwisho aliyoileta Bukhari ndiyo tunayotaka kijana wetu aisome kwa utuvu. Amepokea Abu Huraira (R.A.) kuwa Bani Israil walikuwa wakioga uchi wakitazamana, na Musa (A.S.) akioga peke yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya sana. Wao hawakuamini kuwa ni haya. Wakasema hakuna kinachomfanya ajifiche ila ana ila mwilini: ana mbalanga, au ana busha. Siku moja akaweka nguo zake juu ya jiwe, jiwe likakimbia nazo, akalifuata akiliita limrudishie, mpaka akapita penye baraza ya watu, wakamuona kuwa ni mzima kuliko wanavyodhani. Na jambo hilo ndilo linaloashiriwa katika aya ya 69 ya Suratul-Ahzab, kuhusu waliomuudhi Musa naye Allah akamtakasa.

Tazama maneno ya wale na maneno ya mwanafunzi wa Kijapani mlangoni. Maradhi ya ngozi, alisema, au tojo. Onsen nyingi huko huwazuia wenye tojo kwa kuwa tojo kwao ni alama ya magenge ya wahalifu, kwa hiyo anayejificha hushukiwa mara moja. (Na kuchanja tojo kwetu ni haramu kwa hadithi zilizo wazi, basi hapo tumekutana nao kwa njia nyingine.) Musa (A.S.) alisikia aliyosikia kutoka kwa watu wake mwenyewe, wenye kitabu kimoja naye, na hakuvua. Kijana wetu ameyasikia kutoka kwa mtu asiyemjua Musa wala dini yake, na ambaye pengine aliuliza kwa kumhurumia.

Hatusemi hivi kumlaumu. Haya yaliyomfanya avue ni haya ya kweli, ila ziliwaelekea wanafunzi wenzake. Atubie kwa Mola wake, alifiche lile lililopita, na asimsimulie kila mtu. Kuingia mara moja kwa aibu hakumfanyi kuwa fasiki.

ILE SWALA YA ALASIRI

Limebaki la tayammamu, na hapa hatuna budi kumwambia kuwa airudie swala yake. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, na ndivyo kwa Mahanbali, tayammamu haisihi ila kwa udongo tohara wenye vumbi la kushika mkononi. Mchanga wenye vumbi hufaa, lakini mchanga wa ufukweni uliolowana kwa mvuke na maji ya bahari hauna vumbi lolote. Malik na Abu Hanifa wamelegeza wakaruhusu kila kilicho juu ya ardhi katika jinsi yake, na angeweza kusema amewafuata hao.

Hata hivyo hangeokoka, kwa kuwa tatizo lake halikuwa mchanga. Lilikuwa maji. Alidhani kuwa maji yako ndani ya chumba cha walio uchi tu, na kwamba kizuizi cha Sheria ni kama kukosa maji. Fikra hiyo ina sura ya fiqhi na tunamshukuru kwa kufikiri, lakini alihitaji udhu, si kuoga, na udhu hauhitaji kuvua. Bomba la kunawia mikono lililoko kila choo cha Japani lingemtosha. Chupa ya maji ya kunywa ingemtosha. Na alipokuwa akipiga mikono yake juu ya mchanga ule, bahari ilikuwa hatua chache mbele yake.

Mchanga aliofukiwa nao nao haukuwa mbadala wa kuoga, maana tayammamu ni ibada ya uso na mikono kwa nia, na kujifukia mwili mzima ni tiba. Kinyume chake, chembe zilizogandamana na jasho katika viungo vya udhu, na hasa masikioni na kati ya vidole, lazima ziondolewe ili maji yafike kwenye ngozi.

Kwa safari inayokuja, basi, tunamshauri hivi. Awahi kumwambia mwalimu wake, kabla ya siku yenyewe na si mlangoni, kwamba dini yake inamruhusu mchanga na haimruhusu hodhi la pamoja. Wajapani ni watu wanaopenda kujulishwa mapema, na linalowatia uzito ni la ghafla. Achukue kaptura nyeusi ndefu na nguo kavu. Achague saa ya mchanga ambayo haikati wakati wa swala, au aitawadhie kabisa hotelini. Baada ya kufukuliwa aulize kama lipo bafu la kukodi. Kama halipo, ajipanguse mchanga kwa taulo, abadili nguo ndani ya yukata, na awasubiri wenziwe nje, ambako kwa kawaida huuzwa chai ya baridi na mayai yaliyochemshwa kwa mvuke wa ardhi. Mayai hayo ni halali bila ya hitilafu.

Wallahu a'lam.